Siki Ndani ya Chupa ya Bwana Kung'aa

Shangazi wangu wa redioni, shikamoo, naomba unishike mkono maana hapa nilipo nimekaa mbele ya cherehani na mguu haukanyagi, gauni la mteja liko nusu, na tafadhali sana barua hii uisome kwenye kipindi cha mchana, si cha asubuhi, kwa sababu asubuhi mume wangu hukusikiliza akinyoa ndevu na hucheka peke yake huko bafuni.

Mimi ni fundi wa nguo, nashonea barazani kwangu, na mume wangu ni muuzaji wa kampuni moja ya sabuni na dawa za usafi, anazunguka duka kwa duka na mkoba wake, wenye maduka wamembatiza Bwana Kung'aa, na kweli, Shangazi, mtu huyu akisifia sabuni utadhani anaposa. Tatizo lilianzia hapo hapo, maana kwa kuwa anauza vitu hivyo alitaka na nyumba yetu itumie hivyo hivyo, kioo na dawa yake, sakafu na dawa yake, sinki na dawa yake, choo ndiyo usiseme, na wala hapewi bure, tunanunua kama watu wengine, na anayeshika hela ya matumizi ni mimi, naona kikapu cha sokoni kinapungua huku rafu ya chini ya sinki inajaa machupa, nikasema moyoni, hapana, hii haiwezekani.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe, anaishi na sisi, siku moja aliniona nikipulizia dirisha akaguna, akasema, "Mwanangu, huyo mumeo nimemlea kwa sabuni ya mche na majivu, na hakuna siku alitoka kwangu mchafu." Basi tukaanza kidogo kidogo, sabuni ya mche tunaikuna na kuichemsha na maji mpaka inakuwa nzito, hiyo ndiyo ya vyombo, sufuria zinasuguliwa kwa dodoki na majivu, fulana zilizochakaa nazikata vitambaa vya kufutia, na vioo ni siki na maji tu, unamalizia na gazeti kuukuu. Shangazi, sijisifu bure, njoo uone madirisha yangu, ndege wanajigonga.

Kosa langu ni moja, kama ni kosa: sikuzitupa zile chupa zake. Kila iliyokwisha nilijaza vya kwangu, nikaifuta vizuri, nikairudisha rafuni lebo ikitazama mbele, na hela iliyobaki nikaiweka mpaka nikapata cherehani ya pili, ambayo sasa inashonewa na mdogo wangu na inatuletea riziki. Baba watoto hajui lolote, tena anasifia, anapitisha kidole kwenye kioo, "Umeona? Umeona mali ya kampuni yetu?" na mimi na mama mkwe tunatazamana, halafu kila mtu anaangalia pembeni tusije tukaangua kicheko.

Sasa kicheko kimekwisha. Juzi sampuli zilimwishia mkobani, akachukua chupa ya dawa ya vioo ya nyumbani bila kuniambia, akaenda kuonyesha kwenye duka moja kubwa, kioo kikang'aa, mwenye duka akaagiza mzigo wa maana, na bosi wake aliposikia akamchagua yeye afanye maonyesho Jumamosi mbele ya mawakala wote kwenye chumba cha mikutano, akifanya vizuri anapandishwa cheo, na yeye ameapa haendi na chupa nyingine, "Ni hii hii ya nyumbani, ina baraka," na mimi nivae vizuri niende nikasimame niseme ndiyo tunayotumia kwetu.

Kila jioni anafanya mazoezi jikoni, anaanza na dawa yao ya madoa, ile kali ya klorini, anaimwaga kwenye sinki, juu yake anapuliza ile chupa ya dawa ya vioo, ufundi huo kautunga mwenyewe, kisha anainama na kuvuta hewa kwa pua zote mbili kuonyesha kwamba haina harufu ya kuudhi, jana alikohoa mpaka machozi yakamtoka, mama mkwe akasema ni vumbi la vitambaa vyangu, nikamchemshia tangawizi akalala.

Mama mkwe ananiambia nikae kimya, "Mwanamume akiiota kazi yake ndoto nzuri, usimwamshe." Lakini mimi nitasimamaje mbele za watu niseme uongo, na nikisema ukweli atatuonaje, atasema mke na mama mzazi tumemchezea shere ndani ya nyumba yake, na namjua, atavunjika moyo, nami nampenda, Shangazi, nalisema wazi. Siki siachi, hilo nakwambia mapema. Ninachouliza ni kimoja: nimwambie, au ninyamaze mpaka Jumamosi ipite?

Ni mimi, Fundi wa Barazani.

*

Fundi wangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mchana kama ulivyotaka. Sasa toa mguu kwenye pedeli unisikilize.

Kwanza nikupe haki yako. Hongera! Siki, sabuni ya mche, dodoki, fulana kuukuu: hayo ni maarifa, na cherehani ya pili ndiyo ushahidi. Wapo watu kikapu kitupu lakini chini ya sinki wamepanga machupa kama duka la dawa. Wewe umeona mapema, ukabana pasipouma. Siki usiiache, wala asikuambie mtu kwamba ni umaskini.

Lakini bibi wee! Umeniandikia kurasa nzima za aibu, na jambo la hatari umelipitisha haraka haraka pamoja na tangawizi. Mumeo hakukohoa vumbi. Dawa ya klorini ikikutana na siki hutoa hewa ya sumu, inachoma macho, koo na mapafu. Na yeye anaiinamia, anaivuta kwa pua zote mbili, kwa sababu lebo imemwambia kilichomo ni kitu kingine. Hapo jikoni pengine dirisha lilikuwa wazi. Jumamosi ni chumba cha mikutano, watu wamejaa, bosi anatazama, naye atavuta kwa nguvu zaidi ili apendeze. Umenielewa? Unaniuliza habari za cheo chake, mimi nakuambia habari za kifua chake.

Kosa lako si siki, ni lebo. Siki imefanya kazi yake, chupa ndiyo iliyodanganya, na aliyeifundisha kudanganya ni wewe. Leo imemdanganya mume, kesho atakuja mgeni au mtoto, ataamini alichosoma. Mficha uchi hazai, dada yangu.

Kwa hiyo huingoji Jumamosi. Leo jioni akirudi, kabla hajavua viatu na kuanza vituko vyake kwenye sinki, mwite, mwambie yote, kuanzia chupa ya kwanza. Ile dawa ya madoa iwe mbali kabisa. Mpe siki yenyewe na gazeti, afute kioo kwa mkono wake, aone. Na usijifiche nyuma ya mama mkwe ukasema yeye ndiye aliyekufundisha, chupa ulizijaza wewe. Kama mama ana neno, atalisema mwenyewe. Na kwa kuwa najua redio hapo barazani ni moja: shikamoo, mama. Mambo yako ya majivu nayaheshimu. Ila huyo uliyesema asiamshwe ni mwanao, na safari hii aamshwe.

Atanuna. Mwache anune, hata mimi ningenuna. Muombe radhi kwa kumficha, lakini usimwombe radhi kwa kubana matumizi, hayo ni mambo mawili na usikubali yafungwe kamba moja. Akimaliza kununa mwambie hilo uliloniambia mimi, kwamba unampenda. Mimi nimelisikia, linanisaidia nini? Yeye ndiye wa kuambiwa. Na akiendelea kukohoa, au kifua kikimbana, usimchemshie kitu, mpeleke hospitali.

Jumamosi aende na chupa mpya ya kampuni, iliyofungwa. Na hata hiyo asiipulize juu ya dawa ya madoa. Kila dawa ifanye kazi yake peke yake, hapo katikati asuuze kwa maji mengi, na pua aiache nyumbani. Kama mdomo wake ni huo uliousifia, cheo atakipata bila siki yako. Na yule mwenye duka aliyeagiza mzigo, arudi kwake akamfutie kioo upya kwa dawa yenyewe ya kampuni, aamue kwa macho yake. Wewe kwenye ushahidi usiende. Baki ushone gauni la watu.

Na zile chupa, loweka, bandua lebo zote, uandike kwa herufi kubwa: SIKI. SABUNI YA VYOMBO. Dawa ya madoa ikae rafu yake, juu, peke yake, isikutane na siki hata kwa bahati mbaya.

La mwisho. Umeomba mchana, nimekupa mchana. Ila kipindi hiki hurudiwa kesho yake asubuhi, saa ile ile Bwana Kung'aa ananyoa ndevu. Sikutishi, hiyo ni ratiba ya redio, siipangi mimi. Unayo jioni moja, itumie. Kesho nikifika mahali pa chupa na siki nataka acheke peke yake bafuni kama kawaida yake, kwa sababu ameshaambiwa na mkewe.