Kasuku, Kinyozi Aliyeacha Ubongo Wake Uchunguzwe

Mwaka umetimia tangu ututoke, kinyozi wetu, na kiti chako cha kuzunguka bado kiko mbele ya kioo kikubwa. Mkeo hakikodishi wala hakiuzi. Anayeuliza bei huambiwa, "Hicho kina mwenyewe," na mazungumzo yanaishia hapo.

Wateja walikuita Kasuku, nawe hukukasirika. Mtu aliingia kupunguza ndevu akatoka anajua bei ya saruji, nani kaposa na nani kaachwa. Mkeo hupenda kusema kwamba ulipokwenda kumposa uliongea na baba yake mpaka mzee akakubali ili akalale. Lakini pamoja na maneno yote hayo ulikuwa na sharti moja: kabla mkasi haujagusa nywele, unamwekea mteja kioo kidogo kisogoni, unamwonyesha kwa kidole utakapokata, kisha unangoja aitikie kwa kichwa. "Kichwa ni chake," ulisema. "Mimi nimekaribishwa tu." Hata mtoto anayelia ulimngoja.

Ugonjwa ulikuja kwa kunyata. Kwanza yalikupotea majina ya vitu. "Nipe kile... kile cha kuchania." Tukacheka, tukasema Kasuku anazeeka. Kisha ukaanza kukaa kimya na wateja, wakadhani unaringa. Mmoja akaeneza kwamba umeanza kulewa, wewe ambaye pombe hukuijua hata harufu! Mkeo akaona aibu kwa niaba yako. Akanunua redio kubwa, akaiwasha kutwa nzima kinyozini ili ukimya wako usisikike. Masikini, alidhani anakusitiri. Daktari alipomwambia kwamba kelele zinakuvuruga hata yale maneno machache unayoyashika, alirudi akaichomoa na kuigawa siku hiyohiyo.

Daktari huyo wa ubongo, mama mmoja mwembamba asiyejua kuketi, ndiye wa kwanza kutuambia ukweli. Si uzee, si kiburi, wala hujarogwa. Haya maradhi kwa wengine huanza na kumbukumbu, alisema, na kwa wengine huanza na lugha. Mtu anaijua njia ya nyumbani, anaijua kazi yake, anawajua wanawe, ila maneno yanamponyoka moja baada ya jingine. Dawa ya kuyarudisha hakuwa nayo, na hakutudanganya. Alichokuwa nacho ni utafiti. Wagonjwa wanarekodiwa wakizungumza, mwaka hadi mwaka, na aliyeridhia, akifariki, ubongo wake unachunguzwa ijulikane ni nini hasa kilichouharibu. Wasemaji wa lugha yetu waliojiunga walihesabika kwa vidole.

Bado ulikuwa na akiba kidogo ya maneno, ukaitumia hapo. "Chukueni," ulisema. "Mwone. Mwingine asi..." Neno likagoma. Ukapiga meza kwa hasira, na sote tulikuwa tumekuelewa.

Kaka yako mkubwa peke yake ndiye aliyekataa. Kila mwaka ilibidi uulizwe upya kama bado unaridhia, na ulipoishiwa maneno kabisa akaja juu. "Mtu asiye na kauli anaridhia nini? Mnamsemea!" Hoja yake ilikuwa na uzito, na daktari akasimamisha kila kitu.

Mkeo hakubishana. Aliwaita kaka yako na daktari kinyozini, akakuketisha kwenye kiti chako, akakuwekea kioo kidogo kisogoni. Ulimshika mkono kwanza, ukamrekebisha, maana alikishika ovyo. Kisha akakinyooshea kidole kichwa chako, akamnyooshea na daktari, akangoja. Ukaitikia. Daktari, ili apate hakika, akaanza kufungasha mashine yake ya kurekodi, akanyoosha kidole mlangoni, naye akangoja. Ukatikisa kichwa kukataa, ukainuka, ukaivuta mashine ikarudi mezani. Daktari akaridhika. Kaka yako akavaa kofia akaondoka bila kuaga.

Ulipofariki, gari la hospitali lilikuja nyumbani, na kazi ile ya ubongo haingoji. Kaka yako akaziba mlango.

"Shemeji, ndugu yangu atazikwa mzima. Hapiti mtu hapa."

"Shemeji, mimi nimemsemea, wewe umemsemea, mtaa mzima umemsemea. Hili alilisema mwenyewe."

"Watu watasema tumemuuza!"

"Waache waseme. Wao wana maneno ya kupoteza."

Mkeo ni mfupi, unamjua. Alisogea mpaka akawa chini ya kidevu cha shemeji yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Nipishe, nimpeleke mume wangu." Kaka yako akampisha. Kesho yake tulikuzika ukiwa umenyolewa vizuri, kwa mkono wa mkeo, na hakuna aliyeona tofauti yoyote.

Miezi mingi wale wawili hawakusalimiana. Kisha daktari akatuita kutueleza walichokipata, na kaka yako akaja bila kualikwa, akakaa nyuma. Dawa bado, tuseme wazi. Ila sasa wanaujua ugonjwa wako kwa jina lake hasa, na wanazo sauti zako za tangu mwanzo za kulinganisha nao, ili mwingine atambuliwe mapema asiambiwe analewa. Kilichowakwamisha, daktari alisema, ni kukosa sauti za wazee wazima wa lugha yetu, za kupimia zile za wagonjwa.

"Mzima mnamfanya nini?" Ilikuwa sauti ya kaka yako.

"Tunamrekodi akizungumza. Jambo lolote, kama saa moja hivi."

"Saa moja? Hiyo nitaimaliza kwenye salamu."

Kweli alikwenda, na habari aliyoisimulia ilikuwa yako. Alieleza ulivyojifunzia kazi kichwani mwake, ukamnyoa upande mmoja ukaogopa kuendelea, akaenda shule hivyohivyo na kupigana na kila aliyekucheka. Alipotoka chumbani macho yalikuwa mekundu. Akamwambia mkeo kwamba ametia saini, ya sauti na ya ubongo pia.

"Wanangu watapiga kelele siku hiyo, shemeji," alisema. "Nakutegemea wewe. Usimpishe mtu."

Unakumbukwa na mkeo, kaka yako mkubwa, binti zako wawili na wakwe zako, wajukuu uliowanyoa na yule mdogo ambaye hukumdiriki, pamoja na wateja wako wote, hata yule mzushi wa pombe, ambaye amekuja kuomba radhi.

Hatutakusahau, Kasuku, wala hatutanyamaza.