Jiwe la Mama na Dari ya Choo

Baba,

Asalaam aleikum huko uliko. Usishituke, Mama hajambo. Ila kafanya kituko, na wa kumsimulia ni wewe tu.

Tangu ulipotutoka, ile meza yako ya maabara ndiyo yangu. Sasa tuna mashine: unasaga jiwe la mkojo likawa unga, inapitisha mwanga, inakuchorea limeundwa na nini. Ungeinunia wiki nzima, kisha ungeipenda!

Basi Mama akashikwa na maumivu ya figo. Picha ikaonesha mawe. Daktari akasema yapo yanayoyeyuka kwa dawa na yapo ya kupasuliwa tu, kwa hiyo kwanza tujue ni ya namna gani. Mama akalia. "Mie sipasuliwi. Ntamfuata baba'ko." Nliogopa, Baba. Wewe mwenyewe umetutoka juzi tu.

Nkampa chujio la chai akojolee humo, jiwe likitoka linase. Asubuhi akaniletea kijiwe cheupe, kakifukiza udi, kakifunga kwenye leso ya Idi. Nani mwengine atapeleka maabara jiwe linalonukia? Nlitaka kukitia mashineni moja kwa moja, nkakumbuka ukelele wako: "Tone la asidi kwanza, weye!" Nkadondosha. Kikafoka povu kama soda. Mawe ya watu hayafoki vile, ile ni chokaa. Baba, Mama kaniletea dari ya choo! Imemdondokea chujioni. Dari ile ile uliyokuwa ukisema utaikandika "kesho, inshaallah," tangu mie sijaanza chuo.

Mama alicheka hadi akakaa chini.

Jiwe lenyewe likatoka siku ya pili, dogo, rangi ya sukari guru. Tone la kwanza, kimya. Nkafanya kile kipimo chako cha zamani: nkalikausha na asidi kali juu ya moto, nkatia amonia, roho mkononi. Likageuka zambarau, Baba, zambarau tupu! Mashine nayo ikasema vilevile: asidi ya yuriki. Hiyo inayeyuka kwa dawa. Mama hapasuliwi.

Sasa anakunywa dawa na maji mengi, na ananigombeza nimemharibia chujio lake.

Nlikukumbuka siku ile kuliko siku ya msiba. Lala pema, baba'ngu. Tone la kwanza ntalitia siku zote, mashine iwepo isiwepo. Na dari ya choo ntaikandika mimi.

Kesho, inshaallah.

Mwanao,
Zuwena