Tiki za Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, maana barua hii nimeshaiandika na kuichana mara tatu, na hata sasa naandikia roshani nikiwa nimeupa mlango mgongo ili mama mkwe asinione uso.

Tunaishi naye mwaka wa nne sasa, ni muuguzi mstaafu, na kazi aliyoiomba mwenyewe tangu alipofika ni kumwagilia mimea yetu ya hapa roshani, mlimau mmoja na nyanya tano, kila Jumatatu na kila Alhamisi, na akimaliza anaweka tiki kwenye kalenda ya jikoni kama alivyokuwa akiweka kwenye kadi za wagonjwa wodini, na mimea ilistawi mpaka jirani wa chini akawa anapanda kuomba malimau. Basi mimi nikasikia kwamba chungu cha plastiki kinaizungusha mizizi mpaka inajisonga, na kwamba mfuko wa kitambaa unaiacha ipumue, nikanunua mifuko sita nikahamisha kila kitu siku Mama alipokwenda kliniki, na aliporudi sikumweleza lolote zaidi ya, "Mama, nimeibadilishia nguo mimea yako," akacheka.

Wiki ya tatu nyanya zikalala, mlimau ukaanza kupukutisha majani, na tiki ziko palepale, nikamwambia mbele ya mume wangu, "Mama, unaweka tiki bila kumwagilia," akasema, "Nimemwagilia, mwanangu," nami nikachomeka kidole kwenye udongo nikamwonyesha vumbi. Nikawapigia simu shemeji na wifi zangu, nikasema kumbukumbu ya Mama inaondoka, wakaja, wakakaa sebuleni naye akiwa katikati, ikaamuliwa mwisho wa mwezi ahamie kwa shemeji mkubwa ambako kuna mtu wa kumwangalia. Hakubisha. Alinikabidhi kopo la kumwagilia akasema, "Shika wewe, mimi siaminiki tena." Kisha jikoni akamuuliza mwanawe, "Na wale wagonjwa wangu, au nao niliwawekea tiki tu?" Mume wangu akafungua bomba akaanza kuosha vikombe.

Wiki iliyopita nilikuwa likizo, nikamwagilia mwenyewe Jumatatu mpaka maji yakatoka chini, na Jumatano asubuhi udongo ulikuwa mkavu kama unga. Mshauri, kitambaa kinapoteza maji kila upande. Mama hakusahau hata siku moja. Sijamwambia mtu, na niseme ukweli wote, nimechoka, kile chumba chake nimeshakichagulia pazia, na kuna upande wa moyo wangu unaotaka ahame tu yaishe. Sasa niambie, nirudishe plastiki kimyakimya, au nibaki na kitambaa?

Mkwe mwenye kopo

*

Mkwe,

Umenieleza habari za mtu, halafu ukaniuliza habari za vyungu. Nianze na vyungu, ndiyo kazi nyepesi.

Uliyosikia ni kweli. Mzizi ukifika kwenye kitambaa unakutana na hewa, unakoma hapo na kutoa vijizizi vingine badala ya kuzunguka. Lakini hewa hiyohiyo inakausha udongo, na kwenye roshani yenye jua na upepo utamwagilia kila siku. Plastiki inatunza maji, ila hakikisha ina matundu chini. Mlimau utakaa miaka, uache kwenye kitambaa. Nyanya zirudishe plastiki. Na mfuko uliokauka kiasi hicho usiumwagilie kwa juu, maji yatapita pembeni. Uketishe kwenye beseni la maji nusu saa unywe.

Sasa hilo la kimyakimya. Hapana. Nyanya zitapona, na kila anayeingia humo atasema, mnaona, tangu Mama anyang'anywe kopo mimea imefufuka. Utakuwa umemhukumu mara ya pili.

Kuchoka si kosa, na mimi sikulaumu kwa hilo. Sema umechoka, kwa maneno hayohayo, shemeji na wifi zako wapange zamu, yule ni mama yao. Ila huwezi kumtoa mtu nyumbani kwa ugonjwa uliomtungia wewe. Kama mna wasiwasi na kumbukumbu yake, apimwe na daktari, asipimwe na nyanya. Na akitaka kuhama, ahame kwa kupenda kwake.

Kwa hiyo waite walewale, wiki hii, wakae sebuleni palepale, Mama akiwa katikati. Weka kalenda mezani. Sema wewe, usimtume mumeo: nilibadilisha mifuko, sikumweleza Mama, udongo ulikauka kwa sababu yangu. Usiseme "tulikosea". Watakutazama vibaya, nawe utavumilia, kwa sababu yeye alitazamwa hivyo na hakuwa na kosa.

Kisha mrudishie kopo, umweleze kwamba mlimau sasa unataka maji kila siku. Aliyehudumia wodi nzima hatashindwa na mti mmoja.

Na lile swali la jikoni usiliache hivihivi. Mumeo hakulijibu kwa kuwa hakuwa na jibu. Wewe unalo. Mshike mkono, umwambie tiki zake zote zilikuwa za kweli.