Vitundu Tulivyoziba Kalimoni

Mzee Wekesa,

Kanisa la Kalimoni halivuji tena. Nimeanza na hiyo kwa sababu najua ungeuliza kabla hata ya salamu. Sisi wazima. Mama Nafula, mke wako, goti linamsumbua, lakini mdomo uko sawa kabisa.

Sasa tulia, kuna maneno.

Tuliporudi kutoka kukuzika Bungoma, kamati ilikuwa imechoka na mabeseni ya kukinga maji yanayovuja. Wakaamua kung'oa vioo vya paa, vyote kumi na viwili, wafunike na mabati. Ati msanifu aliyechora lile kanisa alidhani mvua ya huku ni manyunyu. Roho iliniuma, Mzee. Unakumbuka saa nne asubuhi, vile mwanga hushukia viti vya akina mama mpaka vitambaa vyao vinaonekana vipya? Ningekuwa fundi gani nikiacha hiyo ifunikwe? Nikaomba wiki mbili.

Nikapanda na patasi, nikaanza kubandua lami yetu, ile tuliyokuwa tukipaka mimi na wewe kila palipovuja. Wacha tu. Tabaka juu ya tabaka, kila mwaka wetu uko hapo. Chini kabisa, kwenye ukingo wa fremu, nikapata kitundu. Nikasema ni kutu. Nikabandua mbele kidogo, kingine. Na kingine. Nikapima: futi moja, futi moja, futi moja. Kutu haipimi.

Nilikaa hapo juu nikaelewa. Watu wakijaa na kwaya ikiimba asubuhi ya baridi, vioo hutoka jasho. Hilo jasho, na mvua kidogo inayopenya, huteremka kwa kamfereji kaliko ndani ya fremu, halafu hutoka nje kwa vile vitundu. Msanifu alijua. Ni sisi tulioviona tukasema mafundi wa zamani walikuwa wavivu. Ulinionyesha kwa kidole, "Ziba hapo, Njoroge," nami nikaziba. Maji yakakosa pa kutokea, yakamwagikia watu. Na kila yalipomwagika, tukaongeza lami. Miaka yote hiyo, Mzee.

Nilitamani sana kusema ni kutu. Nani angejua? Lakini kamati ilitaka sababu ya kweli, la sivyo mabati, na Mama Nafula ni mwanakamati, ameketi hapo hapo mbele yangu. Nikasema ni sisi, mimi na Mzee, tulioharibu. Wote wakamgeukia Mama. Akapangusa miwani polepole, akasema: "Basi zibua. Angekuwa hapa angezibua mwenyewe, halafu anune siku mbili."

Walicheka wote, hata mchungaji. Mimi nililia kidogo, sikufichi.

Basi nimevizibua vyote. Nimebadilisha puti inayoshikilia vioo, na vioo viwili vilivyokuwa na ufa. Mvua kubwa ikaja Jumapili katikati ya mahubiri, ile ya kutoka upande wa Theta na upepo wake. Hakuna aliyesikiliza mahubiri, sote macho juu. Hakukudondoka hata tone. Nilitoka nje nikasimama kwa mvua nikaona maji yakitoka kila kitundu, michirizi myembamba, yakiteremka paani yakienda zake. Nilifurahi mpaka nikaona haya, kwa sababu nilifurahi na wewe hupo.

Siku hizi nafundisha mafundi kule Ruiru. Nawaambia kwamba fundi bora niliyewahi kumjua alikosea kwenye paa la Kalimoni, na mkono uliopaka lami ulikuwa huu wangu. Wengine huinamisha macho, wanadhani nakuaibisha. Sikuaibishi. Nilikupenda, na bado nakupenda, ndiyo maana sikutaka kukusemea uongo.

Nakuahidi nitaendelea kuisema hadithi hii hivyo hivyo, bila kuipunguza. Na siku kosa langu mwenyewe litakapopatikana, nami sipo, naomba nipate mtu wa kulisema mbele ya mke wangu, naye mke wangu acheke.

Lala pakavu, Mzee.

Wako,
Njoroge