Nilimpelekea mama mkwe picha ya mlango, sasa mke wangu harudi

Kwako mshauri wetu wa kila Alhamisi, nakuandikia kabla mambo hayajaniharibikia kabisa, maana kwa sasa yameharibika nusu.

Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro, nina miaka arobaini na tisa, sinywi, sivuti, na sijawahi kumwinulia mke wangu mkono wala sauti, nayasema haya mapema usije ukadhani ni yale mambo mengine. Mke wangu ni fundi cherehani, watoto wetu wawili wameshakuwa watu wazima na wanajitegemea, na tatizo letu ni picha.

Miaka sita iliyopita nilipata kamera ya mtumba, na tangu hapo kila Jumamosi asubuhi mimi na mke wangu tunatoka kutembea, mara nyingi mitaa ya karibu tu, siku nyingine tunapanda basi mpaka mji wa pili na kurudi jioni, napiga picha, na Jumapili naziweka kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni ambao una wafuasi elfu moja mia tatu na kitu, wengi wao siwajui na wanazipenda. Sipigi watu. Watu wanapepesa macho, wanatengeneza nywele, wanauliza picha inakwenda wapi. Mimi napiga vitu: milango, viti vilivyoachwa nje, ngazi, madimbwi baada ya mvua, kuta zilizobanduka rangi. Kazini nimezoea kila kitu kuwa na rafu yake, na kwenye kompyuta nimezipanga hivyo hivyo, kuna faili la Milango, la Viti, la Ngazi, la Madimbwi, la Kuta na moja la Mengineyo.

Mke wangu alikuwa halalamiki. Anabeba begi la lenzi na chupa ya maji, jua likiwa kali ananishikia mwavuli, na yeye ana jicho, sikatai, tunaweza kuwa tunatembea mimi naangalia mbele yeye anasema, "Hebu ona kile kiti, wamekishona kwa waya wa umeme," au, "Ona ule ukuta, rangi ya chini imetokeza kama bitana ya koti," nami naenda napiga. Akiingia kwenye picha namwambia asogee kidogo, anasogea. Kitu kikiwa kikubwa, kama lango la bohari, namwomba asimame pembeni nipate kipimo, nikishapata kipimo namtoa. Na kama bega limeingia kwa bahati mbaya, siku hizi simu ina mahali pa kufutia, unapitisha kidole tu mtu anaondoka na ukuta unajijaza wenyewe.

Sasa mama mkwe wangu alihamia kwa mtoto wake wa mwisho, yaani shemeji yangu, akapewa chumba kizuri chenye dirisha upande wa asubuhi, akasema anataka ukutani picha za watoto wake wote watano walivyo sasa, za harusi hataki, za shule hataki. Shemeji akanunua fremu tano zinazofanana akazitundika kwa mstari. Nne zilijaa wiki ile ile. Ya mke wangu ikabaki tupu, na kila mtu akasema hiyo ndiyo haina wasiwasi, si mumewe ni mpiga picha. Mama mwenyewe alinipigia simu akasema, "Mkwe wangu, wewe sikuharakishi, najua yako ndiyo itazipita zote."

Mshauri, nilikaa kwenye kompyuta siku mbili. Nina picha elfu kumi na moja na mia nne. Nilianza na Milango nikamalizia na Mengineyo, nikapata kiwiko kimoja, mgongo mara tatu, kivuli mara tisa, sikio lenye hereni kwenye faili la Ngazi, na mkono ulioshika mwavuli. Uso haukuwepo. Najua utasema mtu mwenye akili zake angemwita mkewe wakae nje apige moja, hata mimi leo naliona hilo, ila siku ile niliona itakuwa ya kulazimisha, na mimi za kulazimisha sipigi. Ndipo nikakumbuka mlango wa bluu. Hiyo ndiyo picha yangu iliyopendwa kuliko zote, na watu mia mbili na kumi na wawili, mlango wa duka la zamani lililofungwa, na kwenye kioo chake cha juu, ukisogea karibu, mke wangu anaonekana amesimama ng'ambo ya barabara na begi. Ni mdogo, kama punje ya mchele hivi, lakini ni yeye. Nikaichapisha kwa ukubwa wa fremu.

Siku ya kuipeleka ndugu wote walikuwepo. Niliitia kwenye fremu kwa mkono wangu. Mama mkwe akavaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mlango mzuri, baba. Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwonesha kwa kidole pale kwenye kioo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Ahsante, mwanangu." Shemeji akatoka nje, nikamsikia huko uani anacheka mpaka anakohoa. Mke wangu hakucheka na hakununa. Aliitazama picha akasema, "Begi limetoka vizuri," kisha akaenda kuosha vikombe.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia twende, akasema ana suruali za watu za kupunguza. Jumamosi ya pili akasema anaenda kukaa na mama yake siku mbili tatu. Leo ni wiki ya sita. Cherehani alikuja kuichukua shemeji wiki ya tatu. Tunazungumza kwa simu kila siku nikitoka kazini, ananiuliza kama nimekula, kama nimefunga bomba la uani, habari za picha haulizi. Nikimuuliza anarudi lini anasema, "Nitakuambia." Nilimuuliza nimekukosea nini, akasema, "Hujanikosea kitu, nimechoka tu kubeba begi." Nikamwambia nitanunua begi la magurudumu. Simu ikakatika. Baadaye akanipigia akasema salio lilimwishia, ingawa aliyepiga mara ya kwanza ni mimi.

Nimeendelea kutoka peke yangu. Bahati mbaya hali ya hewa imekuwa mbaya majuma haya yote, mwanga si mzuri, narudi na picha nne tano ambazo hazina kitu, na mfuasi mmoja ameandika, "Kaka, umebadilisha kamera?" Kamera ni ile ile.

Sasa shauri ninaloomba ni hili. Nimetengeneza kitabu. Nimekusanya picha zote kumi na sita ambamo mke wangu yumo, pamoja na ya mlango, kila alipo nimezungushia kalamu nyekundu na kuandika tarehe, ili ajionee mwenyewe kwamba hakusahaulika. Je, nimpelekee huko huko au ningoje arudi? Na kile kivuli cha tisa, ambacho huenda ni cha mti, nikitoe au nikiache? Nampenda mke wangu. Nyumba imekuwa kubwa. Zamani kelele za cherehani zilikuwa zinanikera, sasa nawasha redio ili kuwe na kitu kinachosikika, na sisikilizi wanachosema. Nijibu waziwazi, hata kwa ukali.

Ni mimi,
Mtunza stoo mwenye kamera

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu mtunza stoo,

Umeomba ukali, basi kaa kitako. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Tuanze na kivuli cha tisa. Kama mume hana hakika kivuli ni cha mkewe au cha mti, kitabu hicho kisivuke kizingiti cha nyumba yako. Usikipeleke sasa, na akirudi usikitoe. Umemtafuta mkeo kwenye hayo mafaili kama polisi anayekusanya ushahidi, na ushahidi wote ulioupata unakuelemea wewe. Unataka kumkabidhi mwanamke karatasi zinazosema kwamba kwa miaka sita ulimpata mara kumi na sita, tena kwa bahati mbaya? Kifungie stoo, huko una uzoefu.

Nakuonea huruma, na hapo sikutanii. Wewe si mtu mbaya. Napokea barua za wanaume ambao ningewajibu kwa mistari miwili tu, wewe si mmoja wao. Kosa lako ni la mtu mpole, ndiyo maana limekaa miaka sita bila kupigiwa kelele. Hukumdharau mkeo, ulimzoea, ukamzoea mpaka ukamhesabu upande wa vifaa, pamoja na mwavuli na chupa ya maji. Aliposema begi limetoka vizuri, ndugu yangu, hakuwa anakusifu. Ungemfuata kule kwenye vikombe palepale. Wewe ulibaki sebuleni na fremu yako.

Lakini kilichonisimamisha si hicho. Isome tena barua yako, uliyoiandika kwa mkono wako. Kiti kilichoshonwa kwa waya, nani alikiona? Ukuta wa rangi ya bitana, nani aliuona? Wa mlango wa bluu hukumtaja, nami nipo tayari kuacha safu hii kama si yeye aliyekugusa bega. Wewe ulikuwa unaangalia mbele, umesema mwenyewe. Kisha wiki sita unatoka peke yako, unarudi mikono mitupu, unaisingizia hali ya hewa. Hali ya hewa haina kosa. Mfuasi wako ameshtuka kabla yako, ila yeye amedhani ni kamera. Aliyekuwa anaona yuko kwa mama yake, na cherehani yake imeshamfuata.

Hao watu elfu moja mia tatu walikuwa wanapenda anachokiona mkeo, na jina lililoandikwa pale juu ni lako peke yako. Hilo ndilo lililomchosha. Begi lilikuwa njia ya heshima ya kulisema, nawe ukampa magurudumu. Mimi pia ningekata simu.

Na usijipe moyo kupita kiasi kwa sababu anakuuliza kama umekula. Mtu anayeaga siku mbili tatu halafu akatuma cherehani yake ichukuliwe, ameanza kujipanga. Bado hajaamua, ndiyo maana anapokea simu zako. Ukiendelea kuchora duara jekundu ataamua.

Sasa fanya hivi. Omba ruhusa kazini, nenda katikati ya wiki. Usiende Jumamosi, maana Jumamosi akikuona mlangoni atajua umemfuata kwa ajili ya matembezi yako. Kamera iache nyumbani, na simu izime kabla hujabisha hodi. Ukifika, msalimie mama mkwe kwanza na umwombe radhi, mwanamke yule alikuita mwanangu mbele ya mlango ule, wengine wangekuita majina mengine. Shemeji akicheka mwache acheke, haki anayo. Kisha kaeni wawili, wewe na mkeo, mwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba picha ulizosifiwa zilikuwa za vitu alivyoviona yeye, na kwamba miaka yote hiyo hukumwambia mtu yeyote hivyo, hata yeye mwenyewe. Habari za mwanga usizilete. Neno "lakini" usilitie. Ukimaliza nyamaza, na akinyamaza naye, vumilia, usitafute cha kusema ili mradi tu umesema.

Usimwombe arudi siku hiyo. Mwambie nyumbani pamepooza, hiyo ni kweli na inatosha. Halafu rudi zako, na Jumapili andika kwenye ukurasa wako, chini ya kila picha unayokumbuka, nani aliiona kwanza. Itakuchukua mchana mzima, na baadhi ya wafuasi watakukimbia. Waache waende.

Mlango ule uondoe kwenye fremu kwa mkono wako, ule ule uliouweka. Fremu ikae tupu, ni afadhali mama atazame nafasi ya mwanawe kuliko mlango wa duka. Picha ya mkeo hutaipiga mpaka yeye atake, na siku akitaka, atachagua pa kukaa, nguo ya kuvaa na pa kutazama, na atakayeichagua itakayokwenda ukutani ni yeye, hata kama amefumba macho.

Hakuna atakayekuhakikishia kwamba atarudi, mimi simjui na wewe umeonesha kwamba humjui vizuri. Ila akirudi, Jumamosi ya kwanza begi beba wewe, na kamera mpe yeye. Mwoneshe pa kubonyeza tu, mengine anayajua.