Kontrola ya Pili

Jumamosi, 10 Mei 2025

Nimenunua! Nimebonyeza mwenyewe. Mashine ya gemu, iliyotumika, na gemu moja ya mpira, kutoka lile duka la mtandaoni la Jinja ambalo matangazo yake yananifuata kila nikiwasha simu. Wakauliza kontrola ngapi – kile kidude cha kushika mikononi cha kuchezea – moja au mbili? Nikachagua moja. Atacheza na nani? Na mimi? Mimi na vidole vyangu vya kuuza viatu vya mitumba!

Ni zawadi ya Magidu. Mume wangu huyu hasemi kamwe kwamba anataka kitu. Anachomea watu mageti kule Malukhu, hapa hapa Mbale, kutwa nzima, anarudi, anaoga, anakula, ananyamaza. Lakini nimemfuma mara nyingi amesimama nje ya kibanda cha gemu, anachungulia dirishani vijana wakicheza. Haingii. Mikono mfukoni, na vidole vinachezacheza humo humo ndani. Nikimwuliza kwa nini haingii anasema ana haraka. Haraka gani ya kusimama nusu saa!

Jumatano, 14 Mei

Mzigo umefika. Wamboga wa boda ameuleta kutoka stendi ya basi. "Dada Twaibah, nimereta mashini yako!" – mtaa wetu wote wa Namakwekwe umesikia. Nimeufungua na Kulusumu, jirani yangu wa mlango wa pili. Huyo penye kitu kipya hakosi.

Ndani: mashine, waya, gemu. Na kontrola mbili! Nyeusi zote, zimefungwa pamoja kwa utepe, tena utepe wa zamani, umeshachafuka. Kulusumu akasema nyamaza, hiyo ni bahati yako. Mimi siwezi. Kitu nisichokilipia hakilali kwangu. Nimekata utepe, nikampa Wamboga moja airudishe na basi la Jinja saa ile ile. Kulusumu ameniita mjinga. Haya, mjinga mwenye usingizi mzuri.

Mashine nimeifunika kwa leso mezani. Magidu leo analala kazini kwa tajiri wake, geti la shule halijaisha. Kesho ataona! Nacheka peke yangu kama kichaa.

Alhamisi, 15 Mei

Sivyo nilivyotegemea.

Nilivuta leso kwa mbwembwe zote. Akasimama pale na buti zake miguuni. Hakusema asante. Alisema, "Nani amekwambia?"

Nikamwambia ni lile dirisha la kibanda limenieleza. Akaiwasha polepole. Kwenye kioo cha televisheni yakatokea majina mawili ya wachezaji waliokuwamo tangu zamani. Waiswa. Tenywa. Nikasema hao ndio wenyewe wa kwanza, wafute tuweke jina lako.

"Usifute."

Akakaa chini sakafuni, mzima mzima. Nikamwuliza, kwani Tenywa ni nani?

"Ni mimi."

Banange! Mwaka na nusu nalala na mtu, sijui kama ni pacha! Waiswa ndiye aliyetangulia kuzaliwa; kwao Busoga pacha wa kwanza huitwa hivyo, wa pili Tenywa. Walikuwa wakikaa chumba kimoja Jinja, wakicheza mashine hii. Si kama hii – hii hii, ina alama anayoijua kwa chini, waliichoma kwa pasi. Siku moja katikati ya mechi Waiswa akasimama, akasema sitisha, naenda kununua roleksi. Chapati na mayai tu, kona ya barabara. Lori la miwa likamkuta hapo. Magidu akaiuza mashine kwa hao hao wa mtandaoni, akahamia Mbale, na jina la Tenywa akaliacha huko.

"Ukisema wewe ni pacha," akaniambia, "watu wanauliza mwenzako yuko wapi."

Nililia. Yeye hakulia. Nikasema basi mpenzi, nitairudisha, nisamehe, sikujua. Akatikisa kichwa. Akainama akatazama nyuma ya meza, akapekua boksi.

"Ya pili iko wapi?"

Nikasema nimeirudisha. Akaliacha boksi. Tangu hapo hatoki mbele ya kioo.

Jumamosi, 17 Mei

Hajaenda kazini jana wala leo.

Anacheza. Afadhali angekuwa anacheza! Amechagua mechi ya watu wawili. Timu yake inakimbia, ile nyingine haina wa kuiendesha, imesimama tu uwanjani, watu wazima na jezi zao wameduwaa. Anazunguka na mpira katikati yao. Golini hapigi. Nikamwuliza, unangoja nini wewe?

"Zamu yake."

Nimetoka nje nikafua nguo ambazo si chafu.

Jumatatu, 19 Mei

Homa. Uji anautapika. Kliniki wamepima malaria – hakuna. Taifodi – hakuna. Wamempa dawa za kuongeza damu na kumwambia apumzike. Apumzike zaidi ya hivi?

Mchana nilitaka nijinyooshe kidogo pembeni yake. Akanisukuma kwa kiwiko, taratibu, kwa adabu kabisa. "Hapo pana mtu."

Naogopa. Nimeandika sasa, basi. Naogopa.

Jumanne, 20 Mei

Nimempigia mama mkwe. Nimemwona mara moja tu tangu nikaha – siku hiyo alikuwa mgonjwa, akasimama mjomba kwa niaba yao. Kule kwao Walukuba, Jinja, kila mtu anamwita Nabirye, nami nilidhani ni jina lake. Kumbe jina lake ni Nangobi! Nabirye ndivyo wanavyomwita mama aliyezaa mapacha. Nilikuwa naambiwa usoni, sisikii.

Nikamweleza yote. Akaniuliza:

"Umemnunulia kimoja?"

Nikasema ndiyo, mama.

Akasema pacha hanunuliwi kimoja. Shati mbili, sahani mbili, hata mmoja akiwa hayupo. Nikasema lakini mama, Waiswa alikufa. Akanikemea! Pacha hafi, mwanangu. Ameruka. Hivyo ndivyo wanavyosema Busoga, na hawamlilii. Kisha akapoa, akasema: "Vilikuja viwili vyenyewe. Wewe ukawatenganisha."

Nilitaka kumjibu. Mimi ninaswali swala tano, mambo ya sahani mbili siyajui, tena shehe akisikia atanitoa msikitini! Lakini anayetapika uji ni mume wangu, si wa shehe. Kesho nafunga biashara. Keshokutwa Jinja.

Alhamisi, 22 Mei

Nimerudi. Nimechoka mpaka mifupa, ila lazima niandike hii kabla sijaanza kujidanganya.

Duka lenyewe si duka. Chumba cha ghorofani kwenye jengo moja la zamani la Wahindi, chini wanauza masufuria. Maboksi mpaka darini, na dada mmoja, Racheal, anajibu simu tatu kwa mpigo. Nikamwambia natafuta kontrola iliyorudishwa kutoka Mbale. Hakutafuta. Akaichomoa chini ya meza.

"Tulikuwekea. Mume wako alipita jana kuiulizia."

Nikacheka. Mume wangu jana alikuwa kitandani, mimi mwenyewe ndiye niliyemshika akielekea chooni. Nikasema umenichanganya na mwingine. Akasema hapana, alitaja Twaibah wa Namakwekwe. Basi nikamwonyesha picha ya nikaha kwenye simu. Akaisogeza karibu.

"Ndiye. Ila jana alikuwa mnene kidogo. Halafu mcheshi huyo! Alinichekesha hapa mpaka wateja wakanikasirikia."

Magidu? Mcheshi?

Nikamwuliza kwa nini hakuichukua mwenyewe. Akasema alimpa mkononi, akaigeuzageuza, akamrudishia. Alisema mwenye kuileta atakuja. Kisha akashuka ngazi.

Nimeilipia. Safari hii nimeilipia mimi, na risiti ninayo.

Nikapitia Walukuba kumsalimu mama. Ukutani ana picha yao, vijana wawili wa mashati ya bluu, uso mmoja. Nikatafuta mnene ni yupi. Yupo. Amecheka mpaka macho yamefumba. Sikumwambia mama habari za Racheal, mdomo ulikataa. Yeye ndiye aliyeniuliza huku ananimiminia chai.

"Umemwona?"

Nikasema hapana, mama, sijamwona. Na ni kweli, sikumwona.

"Ukimwona mwambie apite na hapa," akasema. "Mimi hanipitii." Akafuta meza ambayo haikuwa na kitu.

Nikiwa mlangoni akanishika mkono. Kontrola iwekwe kushoto kwa Tenywa, ndivyo walivyokaa hata tumboni. "Lakini mahali pake usipakalie wewe."

Ijumaa, 23 Mei

Alipoiona alitabasamu. Alhamdulillah! Ameketi mwenyewe bila kushikwa, ameiweka kushoto kwake juu ya mkeka, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanzu. Nikapika wali na nyama ya mbuzi, nikapakua sahani mbili, kama alivyosema mama. Nimeshusha kichwa kwa aibu lakini nimepakua.

Akasema, "Tutakula wote. Anakuja."

Wali umepoa. Nimepasha. Umepoa tena.

Kulusumu amemleta shehe baada ya swala ya Ijumaa. Kasoma vizuri sana. Magidu kaitikia amina zote, kamshukuru, kamsindikiza kwa macho hadi mlangoni, kisha kageukia kioo. Ile timu ya pili bado imesimama.

Jumamosi, 24 Mei

Hajala. Maji tu. Nimemwinua kwapani kwenda kuoga nikashtuka – nimenyanyua watoto wa dada yangu wazito kuliko yeye. Daktari anasema aje alazwe, awekewe dripu. Magidu anasema hawezi kutoka, mwenzake akija atamkosa.

Nikapandwa na hasira. Sijawahi kuwa na hasira hivi! Nikasimama katikati ya sebule nikaiambia ile nafasi ya mkeka: Wewe! Umekuja Jinja kuchekesha wasichana wa watu, hapa unashindwa kufika? Ndugu gani anamwacha nduguye na njaa? Kama unakuja, njoo! Kama huji, mwambie!

Hakuna kitu. Jirani anapiga redio. Magidu ananitazama kwa huruma, eti mimi ndiye mgonjwa.

Nani mwingine yuko humu ndani? Ni mimi. Basi nikakaa pale pale, kushoto kwake.

Jumapili, 25 Mei

Sijawahi kushika kidude hiki maishani. Naapa. Jana nilikishika nikiwa najua nitabonyeza ovyo, ilimradi wale watu wasogee, aone mechi inachezwa, ale.

Wakasogea. Vidole vilienda vyenyewe. Sikuwa nafikiri chochote, nilikuwa natazama tu mikono yangu – huyu anampa yule, yule anazunguka, goli! Magidu akaruka. "Mwizi wewe! Waiswa, mwizi wewe!" Anacheka! Sijawahi kusikia kicheko chake kikitoka tumboni namna ile, mwaka na nusu! Akasawazisha. Nikamfunga tena. Akavuta sahani yake akala huku anacheza, akamaliza, akaomba nyingine. Nililia kwa furaha, na mikono haikusimama kufuta machozi.

Nikajiambia ni mchezo tu. Mtoto asiyekula unamwimbia nyimbo za ajabu mpaka anakula. Atapata nguvu, kisha nitamweleza taratibu.

Leo kanywa chai na mandazi, kala mchana vizuri. Homa hakuna. Rangi imerudi usoni. Tumecheza tangu asubuhi, ananiita Waiswa, naitika. Ananikumbusha mambo ya utotoni mwao, nami nacheka mahali panapochekesha. Kabla hajamaliza.

Baada ya adhuhuri akauliza, bila kugeuka, "Twaibah yuko wapi?"

Nilikuwa goti kwa goti naye. Nikafungua mdomo niseme nipo hapa, mume wangu, nipo hapa ubavuni mwako. Nikasikia nimesema, "Ametoka."

Sauti yangu, hakuna tofauti. Ila sikuisema mimi.

Nimekuja jikoni na kalamu. Nimeandika jina langu pembeni mara kadhaa kuona kama bado naujua mwandiko wake. Naujua. Nikinyanyuka pale, anaacha kula. Jana niliondoka kidogo tu kwenda kuchota maji, nikamkuta ametapika. Nikibaki –

Kulusumu anabisha hodi. "Twaibah! Twaibah, upo?" Amekuja kumwangalia mgonjwa.

Magidu amesimama mlangoni mwa jikoni, amenyooka vizuri, amenona hata mashavu. Kontrola zote mbili anazo, ananinyooshea moja. Ananitazama usoni kwa mapenzi makubwa, na anamjibu Kulusumu kwa sauti ya juu:

"Hayupo!"

Kulusumu anagonga tena. Ananiita kwa jina langu. Mdomo wangu uko wazi, na sijaitika.