Viti Vinavyotazamana

Kiptere, 8 Agosti 1996

Kwa mpwa wangu Rodah,

Salamu. Majani chai yanachipuka na mimi bado ni mwanaume wa kutajwa.

Zile picha za nyumba ulizomtumia anti yako zimemwingia kichwani. Ametoa kalenda zangu zote ukutani. Sasa sebule yote ni kijani ya chai na rangi ya maziwa, pazia mpaka vitambaa vya viti. Nilipaka mimi. Unajua nyumba ya meneja niliipaka hadi ndege wakagonga ukuta wakidhani ni mbingu.

Lakini viti amevipanga safu mbili zinazotazamana. Nikauliza, “Mama Nelvine, kwani kuna baraza?”

“Ni fashoni. Kunywa chai, mzee.”

Nelvine akacheka, akakimbilia jikoni.

Rodah, viti hupangwa hivyo wageni wakija kuomba msichana. Usinifiche, huyo kijana anayemtaka Nelvine wetu unamjua. Sina neno naye. Niandikie tu ni wa ukoo gani. Akiwa wa ukoo wetu, ndoa hakuna, na Nelvine ameshampenda, nimemwona. Afadhali nimwambie mimi mapema, kuliko alie mbele ya wageni.

Ni mimi mjomba wako, asiyedanganyika,
Kiptanui